Mgonjwa Aulizwe Pia Hali ya Moyo Wake

Mgonjwa wa kisukari aendapo kliniki hupimwa sukari, hupimwa shinikizo la damu, hutazamwa miguu, kisha hupewa dawa za mwezi mzima na kuagwa. Aghalabu hakuna amuulizaye iwapo analala usiku, iwapo bado anaona ladha ya maisha, au iwapo amekata tamaa kiasi cha kuacha kuzimeza dawa hizo. Sisi tunaona hilo ni pengo kubwa, na kwamba dodoso fupi la maswali laweza kulipunguza, kwa sharti kwamba anayeuliza awe tayari kulipokea jibu.

Miongoni mwa madodoso yanayotumika sana ni PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001. Lina maswali 9 juu ya hali ya mgonjwa katika wiki 2 zilizopita: huzuni, kukosa hamu ya mambo, usingizi, uchovu, chakula na mengineyo. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla yake hufika 27. Afikaye alama 10 huonekana kuwa anastahiki kuchunguzwa zaidi kwa sonona. Mwaka 2006 likafuatia GAD-7, lenye maswali 7 juu ya hofu iliyopita kiasi.

Wapo wenzetu wanaodai kwamba haya ni mambo ya kigeni, na kwamba Muislamu mwenye imani thabiti hapatwi na sonona. Dai hili halina msingi. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934 Miladia, aliandika Masalih al-Abdan wal-Anfus, kitabu kilichoweka tiba ya nafsi sambamba na tiba ya mwili. Humo alitofautisha huzuni ambayo sababu yake inajulikana na ile isiyojulikana sababu yake. Na Nabii Yaakub (a.s.) alihuzunika hadi nuru ya macho yake ikaondoka, ni nani atakayethubutu kusema kuwa imani yake ilikuwa haba? Kumwambia mgonjwa maneno kama hayo ni kumtia jeraha la pili juu ya lile alilokuja nalo.

Lakini kulikubali dodoso si kulifanya kadhi. Katika fiqhi tunatofautisha dhana na yakini, na alama za dodoso ni dhana. Tuchukue mfano wa hesabu. Watafiti walioliunda PHQ-9 walikuta kuwa, kwa kipimo cha alama 10, linawatambua wagonjwa 88 katika kila 100 wenye sonona kali, na kuwaacha salama watu 88 katika kila 100 wasiokuwa nayo. Ikiwa kliniki ina watu 100, na 10 tu ndio wenye maradhi hayo, dodoso litawaonesha takriban 9 kati yao, lakini litawaonesha pia takriban 11 wasiokuwa nayo. Basi zaidi ya nusu ya walioonyeshwa hawana sonona! Kumpa mtu dawa, au kumbandika jina la maradhi, kwa alama peke yake ni dhulma.

Fauka ya hayo, uchovu na kukosa hamu ya chakula huweza kuletwa na kifua kikuu chenyewe. Ndiyo maana Zigmond na Snaith, walipotunga mwaka 1983 dodoso la maswali 14 kwa ajili ya wagonjwa wa hospitali, waliepuka dalili za mwili kama hizo.

Kuna pia suala la lugha. Neno wasiwasi tumelipata kutoka Kiarabu, na katika masikio ya Waislamu wengi linaamsha maana ya uchochezi wa shetani. Bibi wa Pwani akiulizwa, "Je, una wasiwasi?" huenda akakana kwa haraka ili asidhaniwe vibaya. Lakini akiulizwa kama ana mawazo mengi, kama moyo wake mzito, kama roho yamwenda mbio, atasema. Watafiti wa Tanzania walilizingatia hili: mwaka 2008 walichapisha matokeo ya dodoso la maswali 19 lililotungwa hapa hapa kwa ajili ya kutambua sonona.

Zito kuliko yote ni swali la 9 la PHQ-9, linalouliza iwapo mgonjwa amewaza kuwa ni afadhali afe au ajidhuru. Swali hilo haliulizwi kwa sauti barazani mbele ya foleni. Nchini Kenya, hadi Mahakama Kuu ilipotamka mwezi Januari 2025 kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinapingana na Katiba, aliyejaribu kujiua alihesabiwa mhalifu. Katika mazingira ya hofu kama hiyo, nani atajibu kweli? Na akijibu kweli, kisha karatasi ikatiwa jaladani bila ya mtu kumshika mkono, bora asingeulizwa.

Wako waliotuonesha njia. Mjini Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha Benchi la Urafiki mwaka 2006. Mgonjwa huulizwa maswali kwa Kishona, lugha yake. Akionekana ana dhiki, hukaa benchini na mama mtu mzima aliyefunzwa kusikiliza na kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha kliniki 24 na wagonjwa 573, ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Hivyo tunawaomba wasimamizi wa zahanati, zikiwemo zile za taasisi zetu: kabla ya kuchapa karatasi, andaeni chumba cha faragha, lugha ya mgonjwa na mtu wa kumpokea. Nanyi maimamu na waalimu, mtu akikujieni na moyo uliovunjika, msimpime imani. Msikilizeni, mumuombee dua, kisha mfuatane naye hadi kwa tabibu.

Wabillahi tawfiq.