Dar es Salaam Haiishii Kibamba

"Sensa ya 2022 imeonyesha kwamba mji umepunguza kasi." Hoja hii inapendwa na wenye takwimu, na namba zake ni za kweli. Kati ya 2002 na 2012 mkoa wa Dar es Salaam ulikua kwa asilimia 5.6 kwa mwaka. Kati ya 2012 na 2022 ulikua kwa asilimia 2.1 tu, kutoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728. Ila kilichohesabiwa hapo ni mkoa. Mkoa una mpaka, na anayetafuta kiwanja hauulizi mpaka huo uko wapi. Ukitoka Kibamba kwenda Kiluvya hakuna kinachokuambia kwamba umeshaingia Pwani, isipokuwa kibao. Ukipita Mbagala na Kongowe kuelekea Vikindu, ni fremu za maduka, matofali na matangazo ya viwanja, mkoa huu na mkoa ule.

Basi itazame Pwani. Mwaka 2012 ilikuwa na watu 1,098,668. Mwaka 2022 ikawa na 2,024,947. Mkoa wenye robo ya watu wa Dar es Salaam uliongeza watu zaidi ya 926,000 katika miaka kumi, wakati Dar es Salaam yenyewe iliongeza kama 1,019,000. Fanya hesabu moja zaidi. Kama mikoa yote miwili ingekua kwa kasi ya taifa zima, Dar es Salaam ingefika karibu milioni 6 na Pwani kama milioni 1.5. Dar es Salaam ikapungukiwa na watu 600,000 hivi, Pwani ikazidisha kama 500,000. Hesabu hii si ushahidi wa mahakamani: Pwani ina Mafia na Rufiji, mbali kabisa na mambo haya, na ina viwanda vyake vinavyovuta watu. Hata hivyo, anayesema mji umepoa atueleze hao nusu milioni wametoka wapi na kwa nini Kibaha na Mkuranga zimejaa mabati mapya.

Hoja ya pili ni ndugu ya kwanza: "Mji unajazwa na watu wa mikoani." Hii ni ya zamani. Ndiyo iliyoleta operesheni ya Nguvu Kazi ya 1983, watu wakakamatwa mitaani na kurudishwa vijijini, na mji ukaendelea kukua kama kawaida. Wageni wapo, hakuna anayebisha. Lakini mgeni anayeshuka kwenye basi leo haanzi maisha kwa kununua eneo Chanika, huko pembezoni. Anapanga chumba Manzese, Tandale au Buguruni, karibu na kibarua. Anayekwenda Chanika ni yule aliyepanga chumba hicho miaka kumi, akaoa, akachoka na masharti ya mwenye nyumba na kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Manja Hoppe Andreasen na Jytte Agergaard, waliwafuatilia wakazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam na kukuta jambo hilo hilo: kinachosukuma watu nje ni hamu ya kuwa na nyumba yao, na wengi wanatokea ndani ya mji wenyewe. Ukizuia mabasi ya mikoani kesho, Chanika itaendelea kujengwa.

"Picha ya setilaiti haidanganyi." Kweli, picha haidanganyi, anayeisoma ndiye hukosea. Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972 na kila nukta ya picha zake ilifunika mraba wa karibu mita 80 kwa 80. Landsat za kuanzia 1982 zilishuka hadi mita 30, na Sentinel-2, kuanzia 2015, hadi mita 10. Sasa chukua kiwanja cha kawaida cha pembezoni, hatua 20 kwa 20, kile ambacho dalali anakupimia kwa miguu yake (na hatua za dalali ni fupi). Ndani ya nukta moja ya mita 30 vinaingia viwanja viwili au zaidi. Nyumba moja katikati ya mikorosho na migomba, nukta hiyo itaisoma kuwa ni shamba. Kwa hiyo anayeweka picha ya 1975 kando ya picha ya 2020 na kutangaza kwamba mji umepanuka mara kadhaa, sehemu ya upanuzi huo ni ubora wa kamera.

Makosa mengine yanakwenda upande wa pili. Machimbo ya kokoto ya Kunduchi na Boko yanang'aa kama paa. Ardhi iliyofyekwa kiangazi inafanana na mtaa. Ukanda wetu wa pwani una mawingu, kwa hiyo mtu anaokota picha ya mwezi wowote iliyo safi, ya masika mwaka huu na ya kiangazi mwaka ule, kisha analinganisha. Halafu kuna mapagale. Setilaiti inaliona pagale kuwa ni jengo, na kweli ni jengo, ila limesimama miaka minane bila paa, ndani limeota mpapai, mwenyewe bado amepanga Sinza. Ardhi imeshaliwa, mtu hajahamia. Umoja wa Mataifa una kipimo cha kulinganisha kasi ya kumeza ardhi na kasi ya kuongezeka watu, na kwa mji wa mapagale kipimo hicho kina maana kubwa, mradi watu na ardhi vihesabiwe ndani ya mpaka mmoja.

"Tatizo hatukuwa na mipango, maskini wakajijengea holela." Mipango ilikuwapo: wa 1949, wa 1968, wa 1979, na sasa tuna wa 2016 hadi 2036. Na ardhi iliyopimwa nayo ilitanua mji. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulipima Kibada, Tuangoma, Mwanagati, Buyuni, Mivumoni na Bunju, yote pembezoni, na vingi vya viwanja hivyo vilikaa na nyasi kwa miaka huku wenye navyo wakisubiri bei ipande. Hao si maskini. Goba na Madale nako kuna nyumba za ghorofa zenye geti la umeme kwenye maeneo ambayo yaliuzwa kipande kipande mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, urasimishaji ukaja baadaye. Holela si tabaka.

Kuhusu barabara, sitakaa sana. Wanaosema kupanua barabara kutapunguza msongamano waangalie mfuatano wa picha: mji ulirefuka kwanza kama vidole kando ya barabara za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, kisha mapengo kati ya vidole yakajazwa. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, na viwanja vya ng'ambo havikungoja.

Imebaki hoja inayofunga kila kikao: "Hatuna data." Kumbukumbu zote za Landsat ni bure tangu 2008, za Sentinel-2 ni bure pia. Mradi wa Ramani Huria, kuanzia 2015, uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora nyumba, njia na mitaro ya Tandale na kata nyingine zinazofurika, kwa undani ambao setilaiti ya mita 10 haiufikii. Kinachokosekana ni Dar es Salaam na Pwani kusoma ramani moja. Mpaka wa mkoa na ubaki palepale kwa ajili ya kura na bajeti. Wa kupimia mji uchorwe upya kila baada ya sensa, ukifuata nyumba zilipoishia, na picha za zamani zisomwe upya ndani ya mpaka huo kwa ukubwa uleule wa nukta. Ikifanyika hivyo, kitu cha kwanza kitakachobadilika ni ile asilimia 2.1.