Majarida ya Kale: Mchezo au Mafunzo?

Tumeulizwa na baadhi ya vijana wetu: je, yafaa Mwislamu kutumia fedha zake kununua majarida ya zamani kwa ajili ya picha zilizochorwa majaladani? Twajibu, na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu.

Kwanza tujue kinachokusanywa. Mjini Cairo, mwaka 1952, Dar al-Maarif ilianza kutoa "Sindbad", jarida la watoto la kila wiki. Mhariri wake alikuwa Muhammad Said al-Aryan, na mchoraji wake Hussein Bicar. Mwaka 1956 Dar al-Hilal nayo ikatoa "Samir". Majarida ya zama hizo hutafutwa hata leo katika vibanda vya vitabu vikuukuu vya Azbakiyya, mjini humo humo. Ayafunguaye huona jinsi watoto walivyofunzwa Kiarabu kwa hadithi na picha. Basi mna mafunzo ndani yake kwa asomaye, wala si kwa atazamaye jalada tu.

Ama picha za viumbe wenye roho, wanazuoni wamekhitilafiana, na kila nyumba imwulize mwanachuoni wake. Lakini picha za aibu hazina nafasi kwetu, hata zikiwa za kale na za thamani.

Pili, fedha. Ununuzi huu usitangulie chakula, ada ya chuo wala deni. Ampunguziaye mama yake fedha ya sokoni ili apate toleo moja amekwisha ingia katika israfu.

Tatu, na hili ndilo zito, ni uaminifu. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu umefichwa ndani, akamkemea mwenyewe. Jarida nalo ni vivyo hivyo: ukurasa uliokatwa, au jalada lililopigwa chapa upya, lazima mnunuzi aambiwe. Na mnunuzi ajuaye thamani asimhadae mjane auzaye sanduku la marehemu mumewe kwa bei ya karatasi za kufungia njugu. Zaidi ya hayo, sanduku lile ni mirathi. Wamo wenye haki, na huenda wamo mayatima. Kijana asichukue hata toleo moja la babu yake kabla warithi hawajagawana au kuridhia.

Mwisho, apataye na atunze. Karatasi za magazeti hufanywa kwa mbao, na jua huzigeuza manjano zikavunjika. Yalazwe pakavu, mbali na mwanga na mende, wala mpasuko usibandikwe kwa utepe wa gundi, kwani huacha doa. Na ukurasa wenye Jina la Mwenyezi Mungu au aya usifungiwe samaki wala kutupwa jaani.

Wazazi, msichome masanduku kabla ya kuyafungua. Vijana, someni mlivyovikusanya. Mwenyezi Mungu atujaalie chumo la halali na elimu yenye manufaa. Amin.