Simu Husomesha, Lakini Haisikilizi



Wiki chache zilizopita, baada ya darsa ya akina mama, mama mmoja alibaki nyuma hadi wenzake walipokwisha ondoka. Akamwambia mke wangu, ambaye ndiye mwalimu wao, kwamba ana siri. Kwa muda wa miezi minane, usiku watoto wakishalala, amekuwa akijifunza Qur'ani kwa simu. Utotoni hakupata kukaa chuoni, na sasa mwanawe wa miaka saba anasoma kumshinda. Aliona haya kumwambia mtu. Mwalimu wake alikuwa sauti ya marehemu Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, qari wa Misri aliyerekodi Qur'ani nzima mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa sauti hiyo amehifadhi sura kumi, kuanzia Suratul Fil hadi Suratu Nas.

Mke wangu akamwomba asome Suratul Ikhlas. Akasoma kwa sauti nzuri na kwa utulivu, lakini neno la kwanza lilikuwa na kasoro: mahali pa qaf alitia kaf. "Qul" kwa qaf maana yake ni "sema". "Kul" kwa kaf maana yake ni "kula". Na katika sura hizo kumi, nne zaanza kwa neno hilo. Alipoelezwa, machozi yalimtoka. "Mwalimu, na sala zangu zote hizi?"

Swali lake lilinifikia, na jibu nililompelekea, kwa idhini yake, nalileta hapa ili liwafae wengine. Kusoma sura baada ya Fatiha ni sunna katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, na mwenye kukosea humo kwa kutojua, hali yu katika kujitahidi, sala yake haibatiliki. Fatiha ndiyo nguzo, nayo aisome mbele ya mwalimu kabla ya sura nyingine yoyote. Kisha afurahi, kwani Mama Aisha (R.A.) amepokea kwa Mtume (S.A.W.) kwamba anayesoma Qur'ani kwa kutatizika na kuona uzito ana ujira mara mbili.

Sisi masheikh twapenda kuilaumu simu. Katika kisa hiki, haki yaitaka tuishukuru. Ilimpa mama huyu sauti ya bingwa ndani ya nyumba yake, ikamrudilia aya moja mara mia bila ya kuchoka wala kumcheka. Alichokosa ni sikio la mtu. Alimsikia Husary, lakini Husary hakumsikia yeye. Sikio lake, lililolelewa na Kiswahili, lilipokea qaf likaifanya kaf, wala hapakuwa na wa kumwambia. Ndiyo maana tangu zama za Mtume Qur'ani hupokewa kwa ulimi na sikio: mwanafunzi humsomea mwalimu, ambaye naye alimsomea mwalimu wake.

Hata kwa wale wasiopata nafasi ya kumfikia mwalimu kila siku, Masahaba wametuonyesha njia. Sayyidna Umar (R.A.) alikaa pembezoni mwa Madina, naye alikuwa na jirani wa Kiansari. Wakapeana zamu: siku moja huteremka Umar kwa Mtume, siku ya pili huteremka jirani, na kila aliyekwenda humletea mwenziwe wahyi na habari za siku hiyo. Kazi zao hazikusimama, na elimu haikuwapita.

Mama wetu sasa ana jirani wa namna hiyo. Jirani huyo alikhitimu chuoni akiwa msichana, ulimi wake ni safi, lakini maana za aya hakufunzwa. Mama wetu amesoma skuli, Kiswahili chake ni kizuri. Basi baada ya Isha hukaa pamoja: mmoja husahihisha herufi, mwingine husoma maana katika tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy. Kila mmoja ana alichokosa mwenziwe. Palipowashinda wote wawili, hujirekodi kwa simu wakampelekea mwalimu, naye huwarudishia sauti yenye sahihisho. Simu ile ile iliyokuwa haisikilizi sasa imepata masikio.

Basi, mama zangu na dada zangu, anayejifunza kwa simu na aendelee. Amchague qari mmoja amfuate, asirukeruke. Ampate mwenziwe mmoja wa kumsomea japo mara moja kwa wiki. Na linapokuja suala la halali na haramu, la talaka au mirathi, asitosheke na ujumbe uliozungushwa kutoka simu hadi simu. Amwendee mwenye elimu anayejulikana.

Nanyi waume, wanawake wa Madina walimwomba Mtume awatengee siku yao ya kufundishwa, naye akawatengea. Mke wako akikuomba saa moja baada ya Isha, waangalie watoto. Haifai mama ajifunze maneno ya Mola wake kwa kujificha, kana kwamba anafanya kosa.

Wabillahi tawfiq.