Kijito cha Memmingen na Hoja ya Mila

Mtu anayetetea jambo lisilo na hoja hukimbilia neno moja: mila. Akishalitamka, mjadala huonekana umefungwa, kwani nani anapenda kuambiwa kuwa mwacha mila ni mtumwa? Ipo kesi moja ya Ujerumani ambayo wanafunzi wa sheria, pamoja na watumishi wa umma wanaotoa vibali vya sherehe, wangefaidika kuitafakari.

Katika mji wa Memmingen, jimbo la Bavaria, kaskazini ya milima ya Alpi, kijito kinapita katikati ya mji. Zamani maji yake yalifungwa kila mwaka ili kisafishwe, na kabla ya hapo ilibidi samaki waondolewe. Kazi hiyo ya usafi ndiyo iliyozaa Siku ya Wavuvi, inayosherehekewa mwezi wa Julai. Saa mbili asubuhi mlio wa mzinga unasikika, watu zaidi ya elfu moja wanajitosa majini wakiwa na nyavu zenye mipini, maji yanageuka tope, na umati ulio kingoni unashangilia. Anayemvua trauti mzito kuliko wote hutawazwa kuwa Mfalme wa Wavuvi.

Wanawake waliruhusiwa kujiunga na chama kinachoandaa sikukuu hiyo. Waliruhusiwa pia kubeba ndoo za samaki. Kuingia majini hawakuruhusiwa. Mwanachama mmoja mwanamke alikwenda mahakamani, akashinda mwezi wa Agosti 2020. Chama kikakata rufaa, naye akashinda tena mwezi wa Julai 2021.

Chama kilijitetea kwa historia: wavuvi wa kale walikuwa wanaume. Utetezi wa pili ulikuwa mzito zaidi, nao haufai kubezwa: raia wana haki ya kuunda chama na kujiwekea masharti yao. Naikubali haki hiyo. Marafiki watano wakitaka kucheza bao bila kumwalika mtu wa sita, serikali haina la kuwauliza. Lakini kijito cha Memmingen hakipiti sebuleni mwa mtu. Chama kinachoshika sikukuu kubwa kuliko zote mjini, katika maji ya mji mzima, kina nguvu ya kuamua nani ahesabiwe kuwa mwenyeji kamili na nani abaki mbeba ndoo. Mahakama zilikataa kuiachia nguvu hiyo ijifiche nyuma ya mila.

Kinachonishangaza ni kwamba hoja hii ilitolewa Memmingen, tena kuhusu uvuvi. Mwezi wa Machi 1525 wajumbe wa wakulima waliokuwa wameasi walikutana katika mji huohuo, na huko ndiko zilikotoka Ibara Kumi na Mbili, mojawapo ya matamko ya kale ya haki za watu barani Ulaya. Ibara ya tatu inaeleza kwamba ilikuwa desturi kuwafanya wakulima watwana wa mabwana, kisha inaikataa desturi hiyo. Ibara ya nne inaeleza kwamba ilikuwa desturi maskini asiruhusiwe kuwinda wala kuvua samaki katika maji yanayotiririka, nayo inaikataa vilevile. Methali yetu hapa inageuzwa kichwa chini: watu hawa walikuwa watwana kwa sababu ya mila, na walipoiacha waliuawa kwa maelfu.

Basi mila ya Memmingen ni ipi? Ni ile ya bwana aliyezuia maji, au ya mkulima aliyedai yawe wazi? Zote mbili ni kongwe, na kila kizazi huchagua mojawapo, hata kikidai kwamba kinarithi tu.

Mwaka 2020 na 2021 sikukuu haikufanyika kwa sababu ya janga la korona. Iliporejea mwezi wa Julai 2022, mzinga ulilia saa ileile, na wanawake wakaingia majini pamoja na wanaume. Samaki wakapelekwa kwenye mizani kama kawaida.