Harufu ya Petroli Isizoeleke

Gari la petroli lililoegeshwa kutwa juani katika Mji wa Serikali, Mtumba, laweza kutoa sumu hata injini ikiwa imezimwa. Joto huifanya petroli kuwa mvuke, na ndani ya mvuke huo imo benzeni, kemikali iliyothibitika kusababisha saratani ya damu kwa binadamu. Wanaouvuta zaidi ni madereva na mafundi.

Magari ya kisasa yana kinga: kopo lenye mkaa maalumu, wa jamii ile tunayoitumia hospitalini kunasa baadhi ya sumu tumboni. Mkaa huo huuhifadhi mvuke. Injini inapofanya kazi, vali hufunguka na mvuke huvutwa ndani ukaungue. Vali ikikwama ikiwa imefungwa, mkaa hujaa na mvuke hutoka nje.

Kuipima ni kazi ya dakika chache. Katika magari mengi, vali isiyopewa umeme haipaswi kupitisha hewa. Ikipewa umeme, hufunguka kwa mlio mdogo. Fundi akague pia mipira na mfuniko wa tangi.

Kwa maoni yangu, ukaguzi wa magari usiishie kwenye breki, taa na matairi. Kipimo hiki nacho kiwemo. Nasi watoa huduma za afya, tumpokeapo dereva mwenye kizunguzungu au maumivu ya kichwa ya mara kwa mara, tumwulize kama gari lake hunuka petroli. Nawe mgonjwa, usisubiri kuulizwa. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii huanzia gereji.