Uhuru wa Kwenye Sinia?

Wako wasomi wasemao kwamba Tanganyika iliandaliwa uhuru wake kwenye sinia, kwa kuwa bunduki haikulia. Huo ni uvivu wa fikra. Bunduki ilikwisha kulia katika Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, na vijiji vya kusini vikaangamizwa kwa moto na njaa. Waliounda TANU tarehe 7 Julai 1954 hawakukosa ushujaa. Walichagua silaha isiyopigika kwa risasi.

Silaha gani hiyo? Watumishi wa serikali walikatazwa kuingia katika siasa, hata karani aliyetaka kadi alihatarisha riziki yake. Ndipo akina mama wa Dar es Salaam walipoinuka. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma, aliwaendea viongozi wa vikundi vya akina mama, vya lelemama na vinginevyo, nao wakawakusanya wenzao. Waliozoea kuchangiana katika harusi na misiba wakakichangia chama. Waliojua kuitana ngomani wakaitana mkutanoni. Maelfu wakakata kadi.

Nasi walimu (najisema na mimi pia) tunamfundisha mwanafunzi kwamba ngoma ni pambo la siku ya kumpokea mgeni wa heshima! Kisha tunashangaa akituandikia katika mtihani kwamba uhuru ulikuja wenyewe tarehe 9 Desemba 1961, kama mvua ya vuli.