Sifa Nazo Zina Upande

Na Adeodata Kokushubira

Maswali ya ufahamu katika mitihani yetu ni yaleyale mwaka hadi mwaka: kipe kifungu kichwa cha habari, eleza maana ya maneno yaliyopigiwa mstari, fupisha aya ya pili. Mtoto wa Kayanga au Nkwenda anaweza kuzoa alama zote bila kuulizwa hata mara moja: aliyeandika haya yuko upande gani, na umejuaje? Nataka swali hilo liingie darasani, na wilayani Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kifungu cha kuanzia tunacho.

Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliingia Karagwe Novemba 1861, akawa mgeni wa Omukama (mfalme) Rumanyika hadi Januari 1862. Kitabu chake kilitoka 1863. Humo Rumanyika hatukanwi. Anasifiwa uso, macho makubwa, pua iliyosimama na uungwana wake. Ndiyo maana wengi wetu husoma kurasa zile kwa kujivuna, tukaishia hapo.

Tuzisome tena. Pua ile kwa Speke ni ushahidi: alama ya damu ya Uhabeshi, yaani Ethiopia. Anatenga sura nzima kueleza kwamba watawala wafugaji wa huku, aliowaita Wahuma, walitoka upande wa Uhabeshi wakaja kuwatawala wakulima waliowakuta. Hoja yake kubwa ni maumbile aliyoyaona kwa macho. Mwenyewe anasema ni nadharia yake, lakini akishaanza kusimulia, nadharia inageuka historia, na msomaji asiye makini hapaoni mahali ilipogeukia. Wanyambo waliolima migomba wanabaki pembeni. Na tukumbuke mwandishi alikuwa anakula kwa Rumanyika, tena akihitaji msaada wake ili afike Buganda.

Kuna kisa kingine ambacho mwalimu asikiruke. Speke anampima shemeji wa Omukama, mama mnene aliyeneneshwa kwa maziwa: mkono, kifua, paja, vyote kwa futi na inchi. Nambari huonekana hazina upande, na huenda alipima sawasawa kabisa. Upande wake uko katika kuamua nani apimwe, na nani ashike utepe.

Nadharia ile haikuishia kitabuni. Wengine waliichukua na kuikuza, na wakoloni wakaitumia kutawala Rwanda, ng'ambo tu ya mto wetu. Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia umati kule Kabaya, Rwanda, kwamba Watutsi, waliohesabiwa kuwa wa asili hiyo ya Uhabeshi, warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Nyabarongo humwaga maji yake katika Kagera, mto unaopakana na Kyerwa. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, mto huo ulibeba maiti hadi Ziwa Victoria, na wakimbizi wakamiminika mkoani kwetu. Simbebeshi Speke mauaji yaliyotokea miaka 130 baada yake. Walioyafanya wana majina yao. Ila nasema kwa uchungu kwamba wazo la asili ya Uhabeshi lilisomwa na wasomi wa vizazi kadhaa bila kuulizwa limesimama juu ya nini.

Kwa hiyo walimu wa kidato cha pili na cha tatu, chukueni ukurasa mmoja wa Speke, mtafsiri, mpeleke darasani. Wanafunzi waonyeshe kwa kidole sentensi ambamo jicho linaacha kuona na kuanza kuhukumu. Wahesabu nani kapewa jina na nani kaitwa kundi tu. Kisha muwape Israel Katoke, aliyechapisha historia ya ufalme wa Karagwe mwaka 1975 na kuwaweka Wanyambo katika jina la kitabu chake. Wasimwamini kwa sababu ni mwenzetu. Naye wamuulize: masimulizi haya ulipewa na wazee wa ukoo gani, na ni nani hukumfuata nyumbani kwake ukamsikiliza?